Majina ya kanga yalikuwa chini ya kitanda: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya sanaa

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Katibu Mtendaji, Baraza la Sanaa la Taifa,
Mkurugenzi Mkuu, Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

YAH: MALIPO KWA MAZUNGUMZO YA KARAKANA BAINA YA WASANII NA MAKYURETA

Waheshimiwa, shikamooni.

Husikeni na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwanamke ninayefanya sanaa za ufundi, kama mnavyotuita kwenye fomu zenu. Jina hilo sina ugomvi nalo. Fundi ni neno la heshima, na aliyenifundisha kushika mkasi alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, kabla sijasikia kwamba kuna kitu kinaitwa sanaa ya kisasa. Nawaandikia kuomba jambo moja ambalo halimo kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza. Kabla sijalitaja, niwasimulie kisa.

Mama yangu aliwahi kuchukua mkopo wa kausha damu. Mnaijua mikopo hiyo: leo unapewa pesa bila maswali, kesho kutwa siku ya marejesho inafika na maswali yote kwa pamoja. Aliposhindwa, walikuja wakabeba friji, meza, redio na kabati la vyombo. Sanduku la kanga walilifungua, wakalifunga, wakaliacha. Kanga iliyokwisha kuvaliwa haina bei. Kwa hiyo mama alibaki na doti kumi na sita na sebule tupu.

Miaka mingi baadaye nilimwomba zile kanga. Nilizikata kwa vipimo vya vitu vilivyochukuliwa, nikazishona mji kwa mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga kwa nyingine, nikazitundika kwa kamba kutoka darini: friji la kanga, meza ya kanga, redio ya kanga, kila kimoja kwa ukubwa wake halisi, vyepesi, vinatikiswa na feni. Ili kitambaa kikae sawa nilikata na kuondoa yale maandishi ya chini, jina la kila kanga. Niliona yanaharibu. Na nikiri kwenu jambo la aibu kidogo: niliogopa kwamba watazamaji wa nje wasiosoma Kiswahili wangeona nguo tu, wasione sanaa.

Akaja kyureta, yaani mtu anayechagua kazi za wasanii na kuzipanga kwenye maonesho, kutoka kwenye jumba moja lililokuwa linaandaa maonesho makubwa. Sitalitaja, na yeye sitamtaja, maana hakuwa mtu mbaya. Alikaa dakika ishirini. Alipiga picha kwa simu, akauliza jina langu linavyoandikwa, akauliza kama nina kazi ndogo zaidi zinazoingia kwenye sanduku la ndege. Dereva alikuwa anamsubiri nje na gari likiwa limewashwa. Miezi michache baadaye nilisimama mbele ya kazi yangu mwenyewe, ukutani kuna kibao cha Kiingereza kinachosema kwamba msanii anatumia vitambaa chakavu kutukumbusha wajibu wetu wa kutunza mazingira.

Mazingira! Mama alikuwa amesimama kando yangu, akaniomba nimtafsirie. Nilimwambia kimeandikwa kwamba kanga zake ni nzuri.

Mtu wa pili hakuwa na gari wala kadi ya biashara. Ni dada aliyesomea sanaa bunifu, anajifundisha ukyureta kwa kusoma vitabu vya kuazima, na kipato chake kinatokana na kufundisha chekechea. Alipanda daladala tatu kuja kwangu, akakaa kwenye benchi siku nzima bila kusema la maana. Akarudi kesho yake. Siku ya tatu, tukiwa tunakunywa chai, akauliza: "Dada, majina umeyapeleka wapi?"

Nilijua mara moja anachouliza, na nilijua pia kwamba hapo ndipo nilipokuwa nimeiua kazi. Majina yalikuwa kwenye kiroba chini ya kitanda. Vipande thelathini na mbili, kwa sababu doti ina kanga mbili na jina ni lilelile. Tulivimwaga sakafuni, tukaanza kusoma kwa sauti. *Wema hauozi. Usisafirie nyota ya mwenzio. Japo sipati tamaa sikati.* Mwanamke wa pwani hasemi na jirani anayemuudhi, anavaa. Hasemi na mumewe, anavaa. Mama yangu, aliyekaa kimya siku ile wale watu wanabeba friji, alikuwa na maneno kumi na sita sandukuni, nami mwanawe nilikuwa nimeyakata kwa mkasi ili wageni wasihangaike.

Tulimwita mama. Yeye ndiye aliyechagua jina gani lirudi kwenye kitu gani. Kwenye friji aliweka *Japo sipati tamaa sikati*, akacheka mpaka akakaa chini. Kwenye redio hakutaka jina lolote. "Redio ilikuwa inasema yenyewe," alisema, na mpaka leo redio haina jina.

Basi, waheshimiwa, siku zile tatu za yule dada zililipwa na nani? Hazikulipwa na mtu. Nauli alijitolea, na darasani alikatwa siku ambazo hakwenda. Wa dakika ishirini alikuwa na mshahara, posho, tiketi na hoteli. Ndiyo mada yangu.

Tunasumbuka hata na jina la kazi yenyewe. Makumbusho kuna mhifadhi, lakini mhifadhi kazi yake ni kutunza kitu kisioze, na mimi bado niko hai. Wengine wanasema msimamizi wa maonesho, na ukisikia msimamizi unamwona mtu wa saiti anayehesabu matofali. Wengine mratibu, ambaye ni mtu wa semina na chai ya saa nne. Vijana wameamua: kyureta, makyureta, yamekwisha. Nami nimewafuata, ila moyoni mwangu nina neno langu, nalo ni mshenga. Mshenga hapeleki barua ya posa kwa watu asiowajua. Anakwenda, anakaa, anakunywa maji, anauliza huyu kijana ni mtoto wa nani na ana tabia gani, anarudi upande wa pili na kuulizwa yaleyale. Akikosea neno, ndoa inavunjika na lawama ni zake. Mshenga wa dakika ishirini mnamjua ninyi? Mimi simjui.

Nikisema hivi namkumbuka Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ni mali ya jumba la sanaa za kisasa la New York, lile wanaloliita MoMA, tangu 1960. Mtu wa Kilimanjaro ameingia mle kabla Tanganyika haijapata bendera! Alisoma na kufundisha Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, Mwingereza aliyekaa na wanafunzi wake, akawauliza, akaandika, akawasemea huko nje. Baadaye Ntiro alituwakilisha London kama balozi, akarudi nyumbani, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki 1993. Nimewauliza vijana wa uchoraji wanaopita karakana kwangu kama wanamfahamu. Mmoja aliniuliza kama ni mwanasiasa. Siwalaumu. Ningetaka kumsikia Ntiro akieleza kwa Kiswahili, au kwa Kichaga chake, kwa nini aliichagua safari ya usiku, na kwa nini alichora wabebaji wa pombe na si harusi yenyewe. Ni swali la kuulizwa mtu akiwa amekaa mbele yako.

George Lilanga naye. Alikuja Dar es Salaam kutoka kusini na uchongaji wake wa Kimakonde, akapata kazi Nyumba ya Sanaa, kazi ya ulinzi wa usiku. Nyumba ya Sanaa ilikuwa imeanzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt, mahali ambapo watu walifanya kazi wakionana. Ndiyo sababu mlinzi akaonekana. Kazi zake zikaja kuzunguka dunia, zikaingia kwenye mkusanyo wa Jean Pigozzi uliosimamiwa na André Magnin. Lilanga alifariki 2005. Anayetaka kujifunza juu yake leo anaanzia kwenye vitabu vya Kifaransa na Kiingereza, ilhali mashetani aliyoyachonga yanaongea lugha za huku. Edward Saidi Tingatinga ndiyo kabisa: alichora kama miaka minne tu, akapigwa risasi na polisi kwa makosa mwaka 1972, na tangu siku hiyo wataalamu wanabishana alitoa wapi mtindo wake. Wanafunzi wake walikaa palepale Oysterbay, chini ya mbuyu wa Morogoro Stores. Kiti cha kuwahoji kingetosha kuwa ndoo iliyogeuzwa.

Tukiacha ya marehemu, kuna Venice, mji wa Italia wenye maonesho makubwa ya sanaa ya dunia, Bienale, ambako nchi huweka mabanda yao.

Majirani zetu Wakenya walipita kwenye moto kwanza. Mwaka 2013 banda la Kenya kwenye Bienale ya Venice lilijaa wasanii wa Kichina na Kiitalia, Wakenya wakiwa wachache wa kuhesabu. Mwaka 2015 orodha ikatoka kwa sura hiyohiyo, wasanii wa Nairobi wakapiga kelele mpaka serikali yao ikajitenga na banda lile. Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitazame. Mwaka 2022 banda la Kenya lilisimamiwa na Mkenya, Jimmy Ogonga, likiwa na Dickens Otieno, Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai na Wanja Kimani, na jina walilolipa lilimaanisha mazoezi ya mazungumzo. Walikuwa wamejifunza kwa gharama kubwa kitu gani kilikosekana.

Waganda waliingia kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 2022 na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, wakapewa tuzo ya kutajwa maalumu. Aliyewasimamia hakuwa Mganda. Miaka miwili baadaye, 2024, banda la Uganda lilisimamiwa na Acaye Kerunen mwenyewe, na jina lake likaandikwa kwanza kwa lugha za kwao: *Wan Acel, Tuli Bamu, Turibamwe*. Kutoka msanii hadi kyureta, miaka miwili. Ndani yake mlikuwa na wafumaji, na Sana Gateja na shanga zake za karatasi.

Nasi tulifika 2024, mara yetu ya kwanza, na Happy Robert, Haji Chilonga, Lute Mwakisopile na Naby. Nilifurahi kweli, nilipeleka picha kwenye kila kundi la WhatsApp ninalojua. Kyureta alikuwa Mwitaliano, Enrico Bittoto. Sina neno baya juu yake, na mara ya kwanza kila nchi huazima. Uganda waliazima. Swali langu kwenu ni la mara ya pili na ya tatu: mtoto gani wa Kitanzania anaandaliwa sasa hivi kukaa kiti kile, na anaandaliwa wapi, kwa pesa ya nani? Yule dada wa chekechea angeweza. Hana nauli.

Najua mtasema kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Upo, na nawapongeza, kwa mwanamuziki anayenunua vifaa au mtu wa filamu anayekodi kamera ni mkombozi. Ila ule ni mkopo, hata kama masharti yake ni nafuu. Mkopo unataka kitu cha kuuza ili urejeshe, na mazungumzo ya siku tatu hayauziki popote. Mtu wa familia yetu, tena, akisikia neno marejesho anatafuta mlango.

Watu walioijenga sanaa ya kisasa ya Afrika hawakuanza na ukuta. Okwui Enwezor, kyureta Mnaijeria, alipokabidhiwa Documenta 11, maonesho makubwa ya sanaa ya mji wa Kassel, Ujerumani, alianza na vikao. Vilianza Vienna Machi 2001, vikaendelea Berlin, New Delhi, kisiwa cha Saint Lucia, na Lagos Machi 2002, ambako walijadili miji minne ya bara hili: Freetown, Johannesburg, Kinshasa na Lagos yenyewe. Maonesho ya Kassel yalifunguliwa Juni 2002, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kikao cha kwanza, naye aliyahesabu kama jukwaa la tano, baada ya manne ya maneno. Bisi Silva, kyureta mwingine Mnaijeria, alifungua kituo chake cha sanaa Lagos mwishoni mwa 2007, maktaba ikiwa moyo wake. Kuanzia 2010 akaanzisha shule ya Àsìkò, inayohamahama, ambamo wasanii na makyureta chipukizi walifungiwa pamoja kwa wiki kadhaa wakichambuana bila huruma: Lagos, Accra, Dakar, Maputo, Addis Ababa. Dar es Salaam haimo kwenye orodha hiyo, na inaniuma kuisoma. Koyo Kouoh, kyureta mzaliwa wa Kameruni aliyeanzisha kituo chake Dakar, aliteuliwa kusimamia Venice ya 2026, akafariki Mei 2025 kabla hajaitangaza mada yake, na bado maonesho yakaendelea kwa mpango wake. Yaliwezekana kwa sababu alikuwa ameongea na wenzake, na wenzake walikuwa wameandika.

Hapa nyumbani vikao havijatushinda. Nafasi Art Space pale Mikocheni, tangu 2008, watu wanachora ndani ya makontena ya meli, na jioni ukipita utasikia ubishi wa maana kuliko wa redioni. Lakini ubishi ule unaishia hewani. Mwenye kubisha vizuri anasubiri mradi wa ubalozi fulani ndipo alipwe kubisha, na mradi ukiisha kalamu zinarudi mfukoni. Nairobi, jumba la sanaa la Paa ya Paa la Elimo Njau, kijana wa Marangu, lilifunguliwa 1965 kama nyumba ya mazungumzo hasa. Moto wa 1997 ukala sehemu kubwa ya hazina yake. Maneno yaliyokuwa mahali pamoja tu yalikwenda na moshi.

Kwa hiyo ombi. Tengeni fungu linaloitwa saa za mazungumzo. Si semina, tafadhali, si ukumbi wa hoteli wenye mabango na fulana. Kyureta anayekwenda kukaa karakana ya msanii alipwe kwa siku, msanii naye alipwe kwa siku hizohizo, maana nikiongea sifanyi kazi ya kuuza. Waende wawili wawili, wakae siku zisizopungua tatu, warudi baada ya mwezi. Waongee kwa lugha wanayoota nayo. Wakirekodi, nakala moja ibaki kwa msanii na nyingine iende Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, na ya tatu Bagamoyo kwa wanafunzi wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya huko, ili isije ikatukuta ya Paa ya Paa. Anzeni na wazee. Kuna wachongaji Mwenge na wachoraji wa kizazi cha pili cha Tingatinga ambao wana kisukari na presha kama Lilanga alivyokuwa na kisukari chake. Hawawezi kusubiri mchakato wa bajeti wa miaka mitatu.

Na kila kazi inayotundikwa kwenye jengo la umma iwe na kibao cha Kiswahili, msanii akiwa amekisoma na kusaini kabla hakijabandikwa. Hili halihitaji hata fungu. Linahitaji karatasi na kalamu, na mtu wa kusema hapana siku ya ufunguzi kama saini haipo.

Kuna mtu ataniambia mazungumzo hayo yatazaa maneno mengi na kazi chache. Labda. Mimi nilikuwa na kazi iliyokamilika, imefungwa, imesafirishwa, imepigiwa makofi, na ilikuwa bubu. Kama yule dada asingeuliza, ingezeeka bubu, nami ningeendelea kuamini kwamba nilikuwa nimesema.

Sasa hivi zile kanga ziko kwenye sanduku la mama, safari hii zikiwa na majina yake. Zikitakiwa mahali, tutakuja watatu: mama, yule dada na mimi. Mama ameshasema hapandi ndege.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa kanga, Dar es Salaam.

Nakala: Kyureta wa dakika ishirini. Benchi liko palepale, na gari unaweza kulizima.